Ushuhuda Nilioutoa Nikiwa na Mfuko Tumboni

Wewe uliyeambiwa kwamba utapasuliwa na choo kitatokea tumboni, kitu cha kwanza ninachotaka ukijue kutoka kwangu ni kwamba utanuka. Mimi hakuna aliyeniambia. Daktari alinichorea utumbo kwenye karatasi, sista akanionyesha mfuko mpya, safi kama bahasha, na mchungaji wangu akanisihi nisiogope. Wote walisema kweli, ila neno harufu halikutamkwa na yeyote. Siku ya nne baada ya upasuaji nilisikia uvundo wodini nikadhani ni mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikageukia ukutani kwa kinyaa, nikamlaumu moyoni kwamba hajisafishi. Uvundo ukageuka pamoja nami. Ndipo nikaelewa ni mimi.

Mimi ni mkulima wa Mbulumbulu, wilayani Karatu, nalima ngano na maharage. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa pia mwinjilisti wa kanisa letu. Mchungaji ana mitaa mingi ya kuhudumia, kwa hiyo Jumapili nyingi mimi ndiye niliyehubiri, na kila baada ya mavuno nilipanda kwenda upande wa Ngorongoro, kwa wafugaji, nikafundisha wanaojiandaa kubatizwa katika kanisa dogo la mbao. Nilikuwa na sauti kubwa na niliipenda. Nilipenda jinsi watu walivyonyamaza nilipoinuka. Nayasema haya mapema kwa sababu ugonjwa ulinikuta hapo, na hapo ndipo uliponiaibisha.

Damu ilianza wakati wa kuvuna ngano. Niliiona chooni, nikamwaga maji, nikatoka. Kesho yake nikafanya vilevile. Nilificha kuanzia mavuno hayo hadi maharage yalipopandwa tena mwaka uliofuata. Mtumishi wa Mungu ataanzaje kuzungumzia haja yake? Nilisimama madhabahuni nikafundisha kumtumaini Bwana katika kila jambo, huku ndani ya suruali nimekunja kitambaa ili damu isitoke nje. Kila kitambaa nilikizika nyuma ya zizi. Siku moja mbwa alifukua kimoja akakileta uani, mbele ya mke wangu Paskalina.

Hakupiga kelele. Alikichukua kwa mkono, akakitia kwenye ndoo, akamwagia sabuni ya unga. Asubuhi nilimkuta amevaa nguo za safari.

“Baba Neema, vaa,” alisema. “Tunakwenda hospitali.”

Sitakueleza mambo ya kitabibu kwa sababu siyajui. Ninachokijua ni mabenchi. Ninajua benchi la mbao nje ya chumba cha daktari, ambalo limepakwa jasho la watu hadi linang'aa. Ninajua choo cha wagonjwa wa nje, ambacho mlango wake haukufungika. Kabla ya kipimo cha kamera tulinyweshwa dawa ya kusafisha tumbo, wanaume kadhaa kwa pamoja, na choo kilikuwa hicho kimoja. Tulisimama mstari tumeshika suruali kwa mikono, watu wazima, wengine wajukuu wamewaleta, na kila aliyetoka aliacha kitu sakafuni ambacho aliyefuata alikikanyaga. Nilitaka kulia kwa kinyaa. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Buger ambaye sikumfahamu. Aligeuka akanitazama usoni, akakata kipande kirefu cha karatasi ya chooni aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akanipa bila kuniuliza. Sijawahi kumwona tena. Katika maombi yangu ya shukrani huwa namtaja kabla ya daktari.

Walinipasua wakati wa masika. Nilipozinduka nilikuwa na kitu tumboni upande wa kushoto, nyama nyekundu, mbichi, imechomoza nje kama ulimi. Kilikuwa kinajisogeza chenyewe. Kilitoa hewa kwa sauti bila ruhusa yangu, mbele ya sista, mbele ya mkwe wangu, katikati ya maombi. Makande, chakula nilichokipenda kuliko vyote, yalitoka karibu yalivyoingia, na niliweza kuyaona kupitia mfuko. Kwa wiki nyingi niliomba nisamehewe kwa kulichukia umbile langu.

Nyumbani mifuko iliisha upesi na mjini haikupatikana. Paskalina akaanza kutumia mifuko ya nailoni na vipande vya kanga kuukuu, akavifunga kiunoni mwangu kwa mkanda wa kitambaa. Vilivuja. Vilivuja kitandani, vilivuja nilipoinama kufunga viatu, na ngozi kuzunguka lile tundu ikachubuka ikawa kama imemwagiwa maji ya moto. Paskalina alifua kila siku, akaanika nyuma ya nyumba mahali ambapo wapita njia hawaoni. Binti yetu Neema, anayefanya kazi katika hoteli ya watalii mjini Karatu, alikuja kunitazama. Alipika vizuri, akanipakulia, kisha akachukua sahani yake akaenda kula nje, akasema anataka jua. Siku hiyo ukungu ulikuwa umefunika kila kitu hadi ng'ombe hawakuonekana. Sikumlaumu. Hata mimi ningekwenda nje kama ningeweza kujiacha ndani.

Watu wa kanisa walikuja. Wazee watano waliingia pamoja, mmoja akafunika pua kwa leso akijifanya anapangusa mafua. Waliimba ubeti mmoja wa wimbo ambao kwa kawaida tunauimba wote. Kisha mzee mmoja akaomba kwamba kama kuna dhambi iliyofichwa ndani ya nyumba hii, Bwana aifunue ili mtumishi wake afunguliwe. Wakaitika amina, wakatoka haraka, na chai aliyoandaa Paskalina ikapoa kwenye vikombe. Niliwachukia kwa moyo wote. Nilipokuwa nawachukia nikakumbuka kwamba maombi yale, kwa maneno yaleyale, niliwahi kuyaomba mimi katika nyumba za watu, tena zaidi ya mara moja, na kwamba nami chai nyingi niliziacha mezani.

Mama mmoja wa kwaya alikuja peke yake. Hakuomba kwa sauti. Aliuliza ndoo iko wapi, akaenda nyuma ya nyumba, akafua, akaanika, akaaga. Kama unataka kujua Mkristo anapaswa kufanya nini kwa mgonjwa, mimi nina jibu hilo moja.

Dripu za dawa ya saratani zilianza majira ya baridi. Ilikuwa niende kila baada ya wiki tatu, mara nane. Ya kwanza ilinitapisha. Ya pili ilinifanya nione ladha ya chuma katika kila kitu, hata katika maji. Ya tatu ilinipa ganzi vidoleni, nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Baada ya hiyo ya tatu, ngano ikiwa imeshavunwa, mchungaji alinijia na habari kwamba kutakuwa na mkutano wa injili mjini Karatu, na mhubiri mgeni anatoka mbali. Alisema nimekuwa nikiendelea vizuri, na kwamba watu wanahitaji kutiwa moyo. Je, ningeweza kutoa ushuhuda mfupi?

Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nimekaa miezi mingi bila kushika kipaza sauti.

Siku ya mkutano walitukusanya nyuma ya jukwaa, watu sita hivi tuliotakiwa kushuhudia. Mhubiri alipita akitusalimu. Alinukia marashi makali, na mkono wangu aliushika kwa ncha za vidole.

“Unaumwa bado?” aliniuliza.

Nilijibu kwamba maumivu yamepungua sana, ila bado niko kwenye dawa, na nina mfuko.

“Mfuko ni habari ya daktari,” alisema. “Wewe sema habari ya Mungu.”

Nikapanda. Nikaona uwanja umejaa, watu wamekaa mpaka juu ya kuta, wengine wameinua simu wakirekodi. Nikasema nilikuwa na saratani, na leo nimesimama mbele yao nikiwa mzima. Umati ukalipuka kwa shangwe. Wakati huohuo tumbo langu lilikuwa linafanya kazi. Nilisikia joto likijaa kwenye mfuko chini ya koti, nikaona umevimba, nikachukua Biblia yangu nikaibana hapo ili usionekane. Watu walidhani nimeikumbatia kwa furaha. Nikaendelea kusema. Nilisema zaidi ya nilivyoombwa. Nilisema daktari alishangaa, jambo ambalo halikutokea kamwe.

Nimekueleza kuhusu choo cha hospitali na nailoni zinazovuja. Hayo yote hayanitii kinyaa kama kukumbuka kwamba pale juu nilifurahi.

Paskalina hakupiga makofi. Tulirudi nyumbani, akanifungua, akanisafisha, akakaa kwenye kiti akiwa bado ameshika kile kitambaa.

“Umewaambia watu umepona,” alisema. “Sasa kesho mimi nitakuwa nafua nini?”

Badala ya jibu nilitafuta ugomvi. Nilimwambia imani yake ni ndogo. Baada ya hapo tuliishi kama wapangaji wawili. Aliendelea kunifungua na kunifunga, ila hakunitazama usoni.

Dripu ya nne sikwenda. Ili kufika hospitali ingenibidi kupita stendi ya Karatu, na pale kila mtu alikuwa ameona ushuhuda wangu kwenye simu. Walinipungia mikono, waliniita muujiza. Ningewaambia naenda wapi? Ya tano, ya sita na ya saba nazo sikwenda. Nilirudi madhabahuni nikiwa nimefungwa vitambaa vitatu juu ya mfuko, nikahubiri mahubiri mafupi kwa kuogopa kuvuja, na watu wakasema mwinjilisti amekuwa na upako mpya, hapotezi maneno.

Mvua za vuli zilipokaribia nilipigiwa simu kutoka upande wa Ngorongoro. Alikuwa mume wa Nashipae. Nashipae ni mama wa watoto wanne, mwimbishaji wa akina mama katika lile kanisa dogo la mbao, na mimi ndiye niliyemfundisha hadi akabatizwa. Mume wake alisema mke wake amekuwa akitoka damu. Walikwenda hospitali, wakaambiwa apasuliwe na awekewe mfuko, naye alikubali na siku ikapangwa. Kisha mtu akamwonyesha ushuhuda wangu kwenye simu. Alifahamu uso wangu na sauti yangu. Akasema kama Mungu amemponya mwinjilisti bila hayo mambo, yeye naye atasubiri. Sasa ana miezi mitatu anasubiri na chakula hakipiti. Mume wake aliniomba niende nikamwekee mikono.

Nilikata simu nikakaa kwenye gunia la mbolea. Nilimwambia Paskalina kwamba nitamwomba mchungaji aende badala yangu, kwa kuwa mimi bado ni dhaifu. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mkutano.

“Wewe unataka kwenda kuomba,” alisema, “au kwenda kusema?”

Tulikwenda wote wawili. Boma lilikuwa limejaa watu, akina mama wamevaa shanga zao za ibada, wanaimba kwa Kimaa wakitusubiri. Niliingia ndani ya nyumba nikapokelewa na ile harufu. Ilikuwa yangu. Nashipae alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, uso umekwisha, tumbo limejaa kama la mjamzito. Alijaribu kuinuka anisalimu. Niliomba watu wote watoke isipokuwa yeye, mume wake na Paskalina. Nikavua koti. Nikavua shati, Paskalina akinisaidia vifungo. Nikafungua vitambaa kimoja kimoja mpaka mfuko ukabaki wazi mbele yao.

“Hiki ni nini?” Nashipae aliuliza.

“Ni choo changu. Kinatokea hapa tangu masika.”

“Na siku ya mkutano?”

“Kilikuwepo. Nilikifunika kwa Biblia.”

Mume wake alisimama, akaenda mlangoni, akatema mate nje kwa nguvu, akabaki ametupa mgongo. Nashipae hakuondoa macho tumboni mwangu.

“Mwinjilisti,” alisema, “nimelala hapa miezi mitatu nakufa kwa maneno yako.”

“Ndiyo,” nilisema. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu njiani, kuhusu mhubiri na mchungaji na udhaifu wa mwili. Yote yalikauka.

Alinyoosha kidole kuelekea mfuko. Akauliza kama kinauma. Nilimwambia hakiumi, ila kinanuka na kinachukiza, na hatakizoea haraka. Akauliza kama nakula. Nilimwambia nakula. Akauliza ni nani anayekisafisha, nami nikamwonyesha Paskalina kwa kidevu. Wakatazamana wao wawili muda mrefu, kama watu wanaohesabu kazi iliyo mbele.

“Basi nitakwenda,” Nashipae alisema. Nilipofumba macho nianze kuomba, akanizuia. “Usiniombee wewe. Mke wako aniombee.”

Paskalina hajawahi kuomba mbele za watu maishani mwake. Alipiga magoti kando ya ile ngozi akaomba kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, kwa sauti ndogo, jinsi anavyoomba jikoni. Nashipae haelewi hata neno moja la Kiiraqw. Alisubiri mpaka mwisho, akaitika amina.

Walimpasua wiki hiyohiyo. Ugonjwa ulikuwa umeshatembea, na daktari hakumficha. Mimi nami nilikwenda kwa daktari wangu nikamweleza dripu nne nilizozikosa na sababu yake. Hakunigombeza. Aliandika kwenye faili, akaniambia hajui nimejipotezea kiasi gani, kisha akaita mgonjwa anayefuata.

Kwa hiyo tulijikuta katika ukumbi mmoja wa dripu, mimi na Nashipae, viti vinatazamana. Mara ya kwanza hakunisemesha. Alifumba macho muda wote, na mimi nilisoma tangazo la ukutani hadi nikalikariri. Mara ya pili aliniambia kwa hasira kwamba nailoni yake inavuja, na kwamba ngozi inamuwaka, akataka kujua sisi tunafungaje. Nikamwonyesha. Mume wake alikuwa amekaa kando akitazama miguu yake. Kwa mwezi mzima mwanamume yule hakuweza kuangalia tumbo la mkewe, alikimbilia nje na kutapika. Paskalina alimfundisha taratibu, kwanza kushika sabuni, kisha kushika beseni, kisha kushika kitambaa. Siku aliyombadilisha mke wake mwenyewe, Nashipae aligeuza uso akalia, na haikuwa kwa maumivu.

Ilibaki kanisa langu. Nilimwendea mchungaji nikamwambia nataka kukanusha ule ushuhuda. Alinisihi nisiwavunje moyo walio wachanga katika imani. Alisema nguvu ya Mungu imetangazwa kwa njia yangu, na mengine tunaweza kuyanyamazia. Nilimweleza habari za Nashipae. Akasema tuliombee jambo hilo. Jumapili iliyofuata sikusubiri. Wakati wa matangazo nilisimama nikasema kwamba nilidanganya, kwamba sikupona siku ile, kwamba niliacha dawa kwa kuogopa macho ya watu, na kwamba kuna mtu anakaribia kufa kwa sababu aliniamini. Nikafungua vifungo viwili vya koti waone.

Baadhi walitoka. Mama mmoja alimfunika mwanawe macho. Yule mzee aliyeombea dhambi iliyofichwa alisema kwa sauti kwamba nimegeuza nyumba ya Mungu kuwa choo. Niliondolewa kwenye ratiba ya mahubiri, na hadi leo baadhi ya majirani hawapokei maji kutoka nyumbani kwangu. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Lakini wiki ile watu watatu walikuja nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akijifanya amekuja kuulizia mbegu za maharage. Wote walikuwa wanatoka damu na wote walikuwa wanazika vitambaa. Nilikwenda nao hospitali mmoja mmoja, nikakaa nao kwenye lile benchi. Mmoja alikuwa na bawasiri tu. Wawili walikuwa na ugonjwa wangu, bado mchanga. Katika miaka kumi na minane ya kupaza sauti, sikumbuki mahubiri yangu yaliyozaa kama dakika zile za matangazo.

Ndugu yangu unayehubiri, usimpandishe mgonjwa jukwaani. Mwache apone, au asipone, mbali na kipaza sauti chako. Kama unataka kumshuhudia Kristo, jifunze alivyowagusa wale ambao wenzao walikuwa wanawazibia pua. Aliwagusa kwa mkono mzima. Na wewe mgonjwa, ukiulizwa unaendeleaje, sema ukweli, hata kama ukweli wako ni mchafu na unatoa sauti wakati wa maombi. Imani yako haitapungua kwa kusema kweli. Yangu ilipungua nilipodanganya, na bado inarudi kidogo kidogo.

Nimemaliza dripu zote. Kipimo cha mwisho kilikuwa safi, kingine nitafanya masika. Nashipae bado anatumia dawa na daktari hamwahidi chochote. Sauti yake imebaki nusu, anaimbisha mstari mmoja akina mama wanamalizia.

Kanisa la Mbulumbulu halijanirudishia madhabahu yake, ila upande wa Ngorongoro waliniomba nirudi. Nakwenda mara moja kwa mwezi, na Paskalina anakwenda nami, kwa sababu akina mama wanataka yeye ndiye aombe. Nikifika Nashipae ndiye anayenikaribisha. Anasimama taratibu, ameshika ubao wa benchi, na maneno yake ni yaleyale kila mara.

“Huyu alitudanganya,” anawaambia. “Kisha akaja mwenyewe akasema. Msikilizeni, lakini msikilizeni vizuri.”

Anakaa. Watu wote wananigeukia, hasa wageni, wakitazama koti langu. Nasubiri mpaka amkalishe vizuri mtoto aliye karibu naye na kujiweka sawa kwenye benchi. Kisha nafungua Neno, naanza kusoma polepole, ili anayetaka kunisahihisha apate nafasi.